Utitiri wa Ziwa na Jogoo wa Austine

Mellen, uko kwa kompyuta? Nimefika ofisini Homa Bay na matope hadi magotini. Nimefanya kitu.

Leo kaka yangu Austine alikuwa anaanzisha dala, boma lake jipya, karibu na ziwa. Mke wake amebeba moto, kijana wao shoka, yeye jogoo, na baba mdogo anaonyesha mahali.

Mahali penyewe ni pale pale tulipochimba tope la utafiti na wewe. Nikawaambia: chini ya udongo huu tulipata utitiri wa kale, ule wa kuishi majini tu, katika matabaka mawili tofauti. Ziwa limewahi kulala hapa zaidi ya mara moja. Mvua zikibadilika tena, litarudi.

Baba mdogo akacheka. "Hata mafuriko ya El Niño hayakufika hapa. Chuoni walikusomesha utitiri? Si ungebaki tu ukae na kuku."

Nikae na kuku. Mimi. Wakacheka wote, hata wifi na moto wake. Halafu baba mdogo akasema binti hana neno kwa dala ya kaka yake.

Sawa. Nilimnyang'anya Austine jogoo nikaenda zangu.

Wananiita mwizi. Waniite. Jogoo lazima atoke kwa boma la baba, na kwa baba amebaki huyu tu. Bila yeye hakuna dala. Hiyo mila si yangu, ni ya baba mdogo.

Jogoo yuko hapa chini ya meza ananiangalia. Mwambie yeyote akiuliza: nimekaa na kuku.