Zuhura Hakupisha

Dada Mwajuma,

Asalaam alaykum. Ukifungua barua hii, kwanza nisalimie mama, umuulize na mguu wake unaendeleaje. Kisha shemeji, kisha Tatu na mdogo wake Hamisi, kisha Bi Mgeni jirani, usimruke maana atanuna. Sisi huku ng'ambo ya ziwa, hapa Buyenzi, wazima. Baba Zuhura yuko na gereji yake, na bunduki wiki hizi hatujazisikia, alhamdulillahi. Nilikuwa roho juu juu, sasa imeshuka, ndiyo maana naandika.

Nilikwambia nimewaanzishia wasichana wa mtaani netiboli, ile yetu ya shule, japo mimi niliishia darasa la nne. Huku wanajua basiketi tu. Kudaka wamejua, kurusha wamejua. Shida ilikuwa kubanana. Akisogelewa tu, Zuhura wangu anarudi nyuma, anaacha nafasi, mpira unakwenda. Na yeye ndiye mlinzi, dada! Siku moja nikamgombeza, "We, mbona unamupisha kila mutu?"

Akanijibu mbele ya wenzake, "Si we mama ulinifundisha? Mutu akikusogelea, pisha, angalia chini, pita."

Kweli nilimfundisha, miaka ile mibaya ya vita, tulipokuwa tunapita kwenye vizuizi kwenda sokoni. Nilimfundisha ili aishi. Sasa nimfundisheje kusimama?

Nikatoa kinu nje. Nikawapanga wawili wawili, michi miwili, kinu kimoja cha sombe, kisamvu chenu, bega kwa bega. Ukirudi nyuma, mchi wako unakosa kinu. Ukimsukuma mwenzio, mchi wake unakuangukia vidole vya mguu. Wakacheka, "Mama Zuhura anatafuta watwangaji wa bure!" Sawa, sombe tulikula. Lakini wiki ya tatu nikamwona Zuhura anatwanga na msichana mkubwa kuliko yeye, na miguu yake haihami.

Jumapili wakaja wasichana wa Kamenge. Mitaa hii miwili ilikuwa haitembeleani tangu miaka ile, dada. Wazazi wamesimama kila mtaa upande wake, mimi tasbihi mkononi, nawaza watoto wakigongana tu, wakubwa wataingia ugomvini. Mfungaji wao, mrefu kama nguzo, akamjia Zuhura chini ya pete, akambana. Mdomo ukanifunguka nipige kelele, "Pisha!" Wallahi nikaimeza. Zuhura hakusukuma, hakurudi. Alisimama, mikono juu. Yule msichana akazunguka huku, akazunguka kule, mwisho akasema, "We, walikupanda hapa?"

"Apana. Nimehamia."

Hata wazazi wa Kamenge walicheka. Mimi nikakaa chini mchangani. Tulifungwa saba kwa tano, lakini usiku ule nililala kama mtoto.

Yule mwalimu wetu wa michezo, kama bado yupo, mwambie mpira wake umevuka mpaka.

Sasa dada, Jumapili inayokuja ni sisi tunaokwenda Kamenge, na Zuhura ananisumbua, "Mama mukubwa alikuwa anaweka muguu gani mbele?" Mimi nilikuwa mfungaji, sijui. Asiyepitika ulikuwa wewe. Usikae na barua hii. Mpe jibu mtu yeyote anayepanda meli kuja huku, hata la neno moja: kushoto au kulia.

Mdogo wako,
Mama Zuhura