Namba Mpya ya Mama: 142857

Jumanne. Mvua ya saa tisa imepiga mabati ikaenda zake, na mimi nina furaha ya kijinga ambayo lazima niiandike mahali.

Tangu bei ya miwa ipande, malori ya viwanda yanatuzungukia kama wachumba. Miwa yetu imekomaa, wakataji wanakuja Alhamisi. Ilibaki sahihi ya Mama tu, ili kwenye daftari la kiwanda shamba litoke kwenye jina la Baba, aliyefariki mwaka jana, liingie kwenye lake. Wiki mbili amekataa.

Shida ni namba. Kila mkulima huku ana namba yake ya kiwandani, na ya Baba aliipaka rangi kila mahali: mlango wa stoo, mpini wa jembe, hata kiti chake. Mama amepewa mpya, 142857.

"Hii mimi siijui, Nekesa," aliniambia leo, karani wa kiwanda ameketi pale na karatasi zake. "Baba yenu alikuwanga na yake. Hii ni ya mgeni."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nakiri nilitaka kujionyesha kidogo. Nikamwambia azidishe mara mbili: 285714. Mara tatu: 428571. Tarakimu ni zilezile, zinafuatana vilevile, ila inayotangulia ndiyo inabadilika.

Mama aliuza ndizi soko la Lubao miaka mingi, na hesabu ya simu yangu haiamini. Akageuza kalenda ya mwaka jana, akazidisha mwenyewe kwa kalamu ya karani. Mara nne, 571428. Mara tano, 714285. Mara sita, 857142.

"Kama nyinyi tu," akasema.

Tuko watoto sita, na kila mmoja anajiona ndiye wa kwanza.

"Sasa saba?" akauliza. "Wa saba ni mimi."

Jibu nililijua, nikamwachia azidishe. 999999. Mama akacheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. "Ona! Nikiingia mimi, nyote mnakuwa sawa!"

Halafu akaandika kitu chini ya zile tisa. "Na moja ya baba yenu."

Milioni moja.

Nimefundisha namba hii miaka minane. Kila mara naishia kwenye zile tisa, wanafunzi wanashangaa, nafuta ubao. Sijawahi kufikiria kuongeza moja. Nililia mbele ya karani wa watu, na wala sioni aibu.

Mama akatia sahihi, taratibu, herufi moja moja. Karani alipoondoka akaniambia niipake namba yake kwenye mlango wa stoo, chini ya ile ya Baba.

"Na ile ya juu usiiguse."

Kesho asubuhi naenda mjini kutafuta rangi nyekundu, ileile aliyotumia Baba.