Majina Manne kwenye Fomu ya Ami

Jumatatu, 8 Mei 1967
Toka Feri mpaka Makupa hakuna mwenye hati kama yangu. Malaika wa bega la kulia akishikwa na mkono, ataniita mimi nimwandikie! Darasa la sita nililiacha mwenyewe — haya, lenyewe liliniacha — lakini leo Ami Jamaldin, mnyapara mzima wa bandarini, amenibembeleza. Mshahara wake unakatwa kwa ule mfuko mpya wa hospitali. Watoto wakiandikishwa, watatibiwa kwa kadi yake. Fomu ni ya Kizungu, na Ami ni mtu wa herufi za Kiarabu tu. Nikamngojesha kidogo, nachonga penseli isiyotaka kuchongwa.

Nimeandika wanawe watatu. Wa nne dadangu Khairiya, miaka saba. Baba yetu Sheikhan alikuwa nduguye Ami. Tangu wazee wetu wafe twalelewa hapa. Mimi sikujiandika. Nimeshatimia kumi na minane, na simba haugui.

Jumatano, 10 Mei
Afisini kwa ule mfuko. Karani ni Kadenge, mtu wa Kaloleni. Nikamwambia kalamu yake yachuruzika kama pua ya mtoto. Akacheka. Alipofika kwa Khairiya akasita: watatu wa Jamaldin, huyu mbona wa Sheikhan? Nikamweleza kwetu mtoto habadilishiwi baba, alelewe na nani. Akasema hilo analijua. Ila nilete barua ya Kadhi kwamba ni yatima na Ami ndiye mlezi, naye atamwingiza siku hiyo hiyo.

“Usichelewe, kijana. Hawa watatu nawapeleka leo.”

Alhamisi, 11 Mei
Kwa Kadhi watu tele. Mzee wa mlangoni akaniuliza, sauti juu, yatima ni nani. Nikasema nimepotea, natafuta Ndia Kuu. Mzaliwa wa Kuze apotee Ndia Kuu! Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Ami akauliza fomu vipi. Nikasema tayari, wote wanne. Akaniombea dua.

Jumapili, 21 Mei
Masha, mwenzangu wa barazani, amekwenda Nairobi kutafuta kazi. Hakuniaga. Mimi na baraza tu. Nimeutolea ukuta mzaha wangu bora wa mwaka huu. Khairiya akacheka kutoka dirishani — kisha akashika sikio.

Jumatano, 14 Juni
Naandika benchini, hospitali. Sikio la Khairiya latoa usaha wiki ya tatu sasa. Daktari asema lazima apasuliwe nyuma ya sikio, kesho, kabla halijaingia ndani zaidi. Kitanda kipo. Ami akaitoa kadi kifuani kama mtu atoaye hati ya nyumba. Karani wa dirishani akasoma majina matatu. Asema jina la mtoto lisipopatikana kufikia adhuhuri, kitanda apewe mwengine.

Ami hataki kuamini. “Soma tena, mwanangu. Ameandika kijana wetu. Huyu hakosei.”

Asoma tena. Matatu.

Khairiya amelaza kichwa pajani mwangu. Auliza mbona leo sisemi kitu.

Ami anageuka huku.

Barua ya Kadhi sikuiomba. Nilijiambia namsitiri Khairiya asiitwe yatima mbele za watu. Uwongo. Yeye hata halijui neno lenyewe. Ni mimi niliyeogopa kuitwa.