Mvua Niliyoitangaza

Abaayo Ruweyda, dada yangu wa Liboi,

Asalaam aleikum. Huku Garissa tu wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha. Mama bado anaongeza sauti ya redio ili majirani wamsikie bintiye, maana ndio waliosema mwanamke hawezi kutangaza habari za mifugo.

Mwezi uliopita mtu alipiga simu kituoni akasema mvua imenyesha upande wa Wajir. Nikatangaza bila kuuliza mtu wa pili. Kaka yetu Jelle alinisikia malishoni. Unajua desturi: kabla ya kuhama, mtu hutangulizwa akaone nyasi. Safari hii hakumtanguliza mtu. Aliwaambia wenzake, "Huyo ni dada yangu. Tuhameni."

Walikuta vumbi. Ng'ombe kumi na tisa walifia njiani. Jelle hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Leo watu watatu wamepiga simu: mvua imenyesha Masalani. Karatasi iko mbele yangu, na taarifa ni saa saba. Sasa hivi Jelle ameniletea ujumbe: "Ng'ombe waliobaki tumewakusanya. Tunangoja usome."

Niombee dua, abaayo.

Osob