Kioo cheusi cha mwalimu

Jumanne, Matongo

Huu mdomo wangu jamani. Nilimwona mpangaji wangu, Mwalimu Neema, anaandika kwenye kompyuta, kioo cheusi tupu, hakuna hata picha. Nikawaambia wenzangu pale mashine ya kusaga kwamba anachungulia meseji za watu.

Maneno yakaenea, na leo hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja kwenye masomo yake ya jioni.

Nikamuuliza, "Mwalimu, kwani hicho cheusi ni nini?"

Akacheka. "Mama, hii ni Vim, programu ya kuandikia tu. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ziko nyingi. Nimechagua hii kwa sababu ni nyepesi, na mashine yenyewe imezeeka."

Kumbe anaandika masomo ya watoto wetu.

Sikumwambia kwamba ni mimi niliyeeneza ule uongo.

Kesho naenda kule mashine ya kusaga kusema ukweli. Ila ule uongo ulipanda bodaboda, na mimi natembea kwa miguu.