Mbao Nilizosema Ni Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Paa linavuja tena. Safari hii si sebuleni — ni chumbani kwa binti, juu ya mto kabisa. Mke wangu kasogeza kitanda, kaweka beseni, kisha kaniangalia. Angesema ningejibu. Lakini ile kuniangalia tu!

Nyumba ya fundi wa paa inavuja. Majirani wamepata la kuchekea.

Nikasema nitaziba kwa ndani, lami kidogo, yamekwisha. Akauliza kwa nini nisipande nikaangalie. Nikasema bati likilowa linateleza. Ni kweli linateleza. Ila saa hiyo lilishakauka, jua linawaka, na hilo sikulisema.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoboa dari ya silingi bodi chumbani kwa binti. Nikasimama juu ya meza, nikaingiza kichwa na tochi. Mungu wangu! Mchwa. Mbao mbili zinazobeba mabati upande ule zimeliwa zote, zimebaki na sura ya mbao tu. Nilisukuma bisibisi, ikazama mpaka mpini kama kisu kwenye papai. Ya tatu sijui, mkono haukufika.

Hapa hakuna kiraka. Hapa ni kufumua paa, kubadilisha mbao, kuezeka upya. Angekuwa mteja ningemwambia hivyo kabla sijamaliza chai yake.

Mke alikuwa ameshika meza. Akauliza, vipi mbao? Nikasema nzima. Limetoka lenyewe mdomoni! Mbao nzima, misumari tu imelegea. Binti — tunamwita Bi Maswali, na jina limemkaa — akauliza mbona natokwa na jasho. Nikamwambia kule juu kuna joto.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike hapa, maana hakuna pengine pa kusemea.

Naogopa kupanda. Mimi! Mtu niliyekuwa nakula mchana wangu juu ya paa, miguu inaning'inia.

Sikuanguka. Hakuna aliyeanguka. Mwaka jana tulikuwa tunaezeka ghala, nimesimama kileleni napokea bati, nikatazama chini kama siku zote — miguu ikagoma. Ikagoma kabisa. Nilishuka kwa makalio, wenzangu wanacheka wakidhani nafanya mzaha. Nikacheka nao. Tangu hapo napima, nakata, nasimamia kutoka chini. Bosi nilimwambia ni mgongo. Mke nilimwambia ni mgongo. Maskini, kila siku ananichua, na mgongo wenyewe mzima kama wa punda.

Nikisema paa lifumuliwe, nani atapanda? Nikiita fundi mwingine, ataniuliza mimi nina nini. Kwa hiyo kiraka. Kiraka ni kazi ya chini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepaka lami. Nimemwambia binti alale sebuleni kwanza, harufu mbaya. Harufu! Nadanganya mpaka najishangaa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kubwa mchana kutwa. Lami imeshika, hata tone. Afadhali lingevuja, wangenilazimisha kulifumua paa.

Mke kafurahi, anataka binti arudi chumbani kwake leo leo. Nikang'aka kwamba asirudi. Sijawahi kumfokea mtu humu ndani kwa ajili ya kitanda.

Silingi imeshuka kidogo katikati. Au ni macho yangu. Nimeingia mle mara nyingi kuitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Yamenifika! Shemeji kaja. Huyu ni kaka wa mke, fundi friji, mtu wa mwili mkubwa na kelele. Dada yake kamwita bila kunishirikisha. Anasema kesho anapanda mwenyewe, afungue mabati, apigilie upya. "Wewe Shem pumzisha mgongo, niongoze tu kutoka chini."

Nikasema si lazima. Nikasema kuna upepo. Nikasema mabati ya zamani yanakata mikono. Akacheka. "Mbao si ulisema nzima? Basi, tatizo liko wapi?"

Mke aliacha kukunja nguo, akanitazama nijibu. Nikasema ndiyo, nzima. Ulimi huu bora ungekatwa! Mtu wa kilo zile, na chini yake ni sakafu ya saruji na kitanda cha chuma. Kesho asubuhi nitamwambia. Lazima.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi sikumwambia.

Akapanda. Alianzia upande wa sebule, kuko salama, akawa anang'oa misumari huku anaimba. Akateremsha mabati manne. Mimi chini, namwongoza. Nikajiambia akikaribia chumba cha binti nitasema. Akakaribia. Sikusema. Akainua mguu — nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Usikanyage hapo! Zimeoza!

Akaganda. Akauliza nimejuaje na sijapanda. Basi nikasema yote, mchwa, bisibisi, ghala, miguu. Mbele ya mke. Mbele ya Bi Maswali, ambaye hakuuliza kitu.

Alishuka akanisogelea. "Ungeniua, Shem. Kwa sababu ya aibu tu." Hakupaza sauti. Angepaza ningeona nafuu. Sasa amekaa uani, kichwa mikononi. Hapandi tena, na simlaumu.

Mke kampeleka binti kwa jirani, karudi. Bado hajaniambia neno.

Na sebule iko wazi, naona mbingu! Wingu jeusi linakuja. Turubai lazima livutwe lifunike pale kabla mvua haijashuka. Maji yakiingia kwenye silingi, uzito ule utazimaliza mbao zilizobaki na paa litatuangukia. Wa kulifunga ni mtu anayejua kukanyaga panapobeba na kuruka pasipobeba. Hapa nyumbani tuko watu wazima watatu, na fundi ni mmoja.

Niliingia chumbani kwetu nikisema natafuta glavu. Ninazo mfukoni. Nimekaa kitandani naandika, mwandiko wenyewe kama wa mtoto. Naogopa, naogopa, naogopa.

Upepo umeanza. Nasikia ngazi inaburuzwa. Si shemeji, huyo namwona uani kupitia dirisha, hajainuka. Ni mke wangu anaiegemeza ukutani. Anataka kupanda! Hapana — ngazi imetulia, hakuna hatua.

Ananiita. Hafoki. Mume wangu, njoo, nimekushikia ngazi.

Tone la kwanza limegonga bati. Anaita tena, sauti ile ile. Nimeshavaa kiatu kimoja.