Mashine ya Mwanangu

Malindi, Unguja
Masika, 1972

Kaka Simai,

Salamu ziwe fupi leo, msafiri wa ndege anayekuletea barua hii ananingoja. Paa linavuja pale pale, na jirani yetu Bi Taramati anakuulizia.

Ile barua yako ya kutoka London, ambamo uliisifia mashine ya hospitali unakofanya kazi, ile inayotoa damu ya mgonjwa, ikaitia hewa na kuirudisha mwilini ili mapafu yapumzike, nilimsomea Mama. Laiti nisingemsomea. Sasa kichomi kimemshika, kila pumzi anaivuta kwa tabu. Daktari kasema alazwe, mtungi wa hewa upo. Mama hataki. "Nnangoja mashine ya mwanangu," anasema, na wanawake waliokuja kumkagua wanaitikia "Inshallah," huku wamefunga madirisha na kufukiza ubani. Nikifungua dirisha, naambiwa sina huruma.

Wewe uliandika kuwa mashine ipo. Hukuandika, kama alivyonambia daktari, kuwa bado inajaribiwa, wala kuwa huku haiji.

Mimi hanisikii; wewe alikuamini ulipojisifu. Basi usinijibu kwa barua, haitomkuta. Leta telegramu kwa jina lako: mashine imeharibika, Mama nenda hospitali.

Mdogo wako,
Kazija